Moto wa Ekzosi Ulianza Kama Dawa ya Tabo

Safari Rally ikikaribia, usiku wa Nairobi hubadilika. Gari linateremka Thika Road, dereva anaachia mafuta, na nyuma panapasuka: pa! pa-pa-pa! Aliye kitandani anadhani ni bunduki, na katika jiji hili hofu hiyo si ya bure. Wakazi hulalamika, vijana wenye Subaru hujibu kwamba wanaenzi mchezo wetu. Ubishi huo ndio ulionipeleka Grogan, mtaa wa magereji jijini, kwa fundi mmoja aliyezeekea kwenye injini, nikamuulize moto ule ulianzia wapi.

Kwa fundi huyu, kila kitu huanza na petroli iliyokosa kuungua. Ikitoka kwenye silinda nzima nzima na kukuta joto na hewa ndani ya ekzosi, hulipuka huko huko. Magari ya kabureta yalifanya hivyo bila kutumwa: taimingi imepotoka, vali inavuja, ekzosi imetoboka. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mlio kama huo ulikuwa dalili ya ugonjwa. Dereva Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, kwa injini zisizo na tabo.

Tabo, yaani turbo, ndiyo iliyogeuza ugonjwa kuwa dawa. Ina mapanga ya pande mbili kwenye mhimili mmoja: upande mmoja huzungushwa na moshi, mwingine hushindilia hewa kwenye injini. Dereva akiachia mafuta kwenye kona, moshi hupungua na mapanga hulegea. Akikanyaga tena, gari husita kabla ya kupata nguvu. Wahandisi wakaziba pengo hilo kwa ukatili. Mguu ukiondoka, hewa inaachwa iendelee kupita, petroli inaendelea kumiminwa, na cheche inacheleweshwa mpaka mchanganyiko uwakie karibu na mlango wa kutokea, kwenye manifoldi. Mlipuko huo ndio unaoizungusha tabo. Ndimi za moto tunazoshangilia ni mabaki tu. Magari ya mbio ya daraja la Group B yalizitema sana miaka ya 1980, hadi vifo katika mbio za Ureno na Corsica vilipoyaondoa mwishoni mwa 1986.

Hapo fundi wangu akasogeza kiti, kwa sababu tulikuwa tumefika kwenye Toyota. Celica zake zilishinda Safari miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na ushindi wa 1994 ulikuwa wa Ian Duncan, Mkenya. Mwaka 1995 FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ilipunguza pete inayobana hewa ya kuingia kwenye tabo, kutoka milimita 38 hadi 34. Hewa ikipungua hivyo, timu haiwezi kumudu tabo inayolala kwenye kona, na moto wa ekzosi ukazidi kuwa lazima.

Toyota wakatafuta njia nyingine pia. Katika mbio za Catalunya, Oktoba mwaka huo, wakaguzi waligundua kwamba pete ya Celica ilikuwa na springi zilizofichwa. Mpira wa hewa ukikazwa, pete ilisogea takriban milimita 5 na hewa ikapenya pembeni yake. Mpira ukifunguliwa kwa ukaguzi, ilirudi mahali pake bila kuacha alama. Max Mosley, rais wa FIA, alikiri hadharani kwamba alikuwa hajaona ujanja uliobuniwa kwa ustadi kiasi hicho kwa muda mrefu. Kisha Toyota ikanyang'anywa pointi zote za mwaka na kufungiwa miezi 12. Fundi bado inamuuma. Anaona mikono iliyotengeneza springi zile ilistahili kazi bora kuliko wizi, nami nakubaliana naye.

Toyota ikiwa nje, 1996 akashinda Tommi Mäkinen kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae akaja na Subaru Impreza ya buluu, na mapenzi ya Nairobi yakahamia huko hadi leo. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea 2021, Naivasha.

Mlio wa siku hizi hununuliwa. Anayejua kuchezea kompyuta ya gari huongeza petroli na kuchelewesha cheche ili ekzosi ipasuke tu, hata kwenye injini isiyo na tabo. Penye tabo, moto huo huila: timu ya mbio ina tabo ya akiba na watu wa kuibadilisha. Kijana wa Roysambu ana mkopo wa gari. Kinachonisikitisha ni kwamba tumeuchukua moto na kuuacha ufundi uliouzaa.

Kwenye rafu ya fundi kuna gurudumu la tabo, mapanga yake yameliwa na joto kama sabuni iliyosahaulika majini. Lilitoka kwenye gari ambalo halijawahi kushiriki mbio zozote. Mteja akija kuulizia mlio, fundi humpa alishike kwanza, ndipo waanze kuzungumza bei.