Kikapu cha Udongo, Mtungi wa Maji

Ukiviamini vitabu vya sheria vya Zambia, sheria ilifika Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, tarehe 17 Agosti 1911. Siku hiyo Rhodesia ya Kaskazini-Mashariki iliunganishwa na ile ya Kaskazini-Magharibi, na mpaka leo sheria za Bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe hiyo ni sehemu ya sheria ya Zambia, pamoja na mapokeo ya mahakama za Kiingereza na maamuzi ya majaji wake. Kila nchi jirani ina tarehe yake: Kenya 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Wanafunzi wa sheria huzikariri mwaka wa kwanza, na pamoja nazo humeza dhana kwamba kabla ya siku hizo palikuwa na mila tu, na kwamba utaratibu wa kuamua shauri la leo kwa kutazama shauri la jana uliletwa na Mwingereza.

Dhana hiyo siikubali, na shahidi wangu ni kitabu ambacho wanasheria hawakifungui. Mwaka 1951 ilichapishwa kwa Kibemba historia ya Walunda wa bonde la Luapula, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, ya mtawala wao Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, aliyesaidiwa na padri Edouard Labrecque. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi bondeni humo miaka hiyohiyo, alikitafsiri kwa Kiingereza. Wanahistoria wanakijua vizuri. Kwenye rafu za sheria hakipo.

Humo mna kisa cha Nachituti. Kabla Walunda hawajalitawala ziwa Mweru, wenyeji wake walikuwa Washila, wavuvi, chini ya mtemi Nkuba. Nkuba alimuua mwana wa dada yake. Dada huyo, Nachituti, akaenda kwa Kazembe wa wakati huo kudai kisasi. Kazembe akapeleka askari, Nkuba akakatwa kichwa. Nachituti akamshukuru Kazembe kwa kumkabidhi kikapu cha udongo na mtungi wa maji: nchi na ziwa.

Msomaji wa haraka ataona hapa ngano ya mshindi anayejihalalisha, na wapo waandishi walioishia hapo. Nadhani wamekosa subira. Kama Walunda walilitwaa ziwa kwa mkuki, kulikuwa na haja gani ya mwanamke na mtungi? Mshindi asiye na sheria hutaja ushindi wake na kunyamaza. Huyu anataja mtoaji, kitu kilichotolewa, sababu ya kutoa na namna ya kukabidhi. Kwa macho ya wakili, hiyo ni hati ya umiliki isiyo na karatasi.

Kisha linakuja swali ambalo jaji yeyote wa London angeliuliza: je, Nachituti alikuwa na haki ya kutoa? Hakuna awezaye kutoa kisicho chake. Jibu limo ndani ya kisa chenyewe. Kwa Washila, kama kwa watu wengi wa Luapula, ukoo hufuata upande wa mama, na mrithi wa mtemi hutoka tumboni mwa dada yake. Nkuba alipomuua mpwa wake aliua mtu aliyeweza kukalia kiti chake, na aliyebaki na njia ya haki hiyo mkononi alikuwa mama wa marehemu. Ubishi uliodumu ni wa kiasi: Nachituti alitoa nini hasa? Walunda husema kila kitu. Wenye nchi wa zamani husema alitoa utawala juu ya watu, lakini udongo, mizimu na vidimbwi vya samaki vilibaki kwa koo zilizovikuta. Cunnison alikuta pande zote mbili zikiishi bega kwa bega, Mlunda akitawala na mwenye nchi akitambika. Mimi naelemea kwa wenye nchi, kwa sababu zawadi iliyotolewa hadharani hufasiriwa kwa kile kilichotendwa baada yake, na kilichotendwa ni kwamba matambiko hayakuhamia ikulu.

Jambo jingine alilolinakili Cunnison ni namna historia hizo zinavyosimuliwa. Mrithi wa jina hasemi «babu yangu alivuka mto». Husema «nilivuka mto, nikampiga fulani», hata kama tukio lina miaka mia mbili. Aliyerithi jina amerithi mke, deni, undugu na ugomvi wa marehemu, na watemi wawili ambao mababu zao waliitana kaka na mdogo wataendelea kuitana hivyo hata kama wa leo hawana damu moja. Wanasheria wa Kiingereza walihitaji karne kadhaa kutengeneza wazo la cheo kisichokufa, ambapo askofu au mfalme ni mtu mmoja daima ingawa miili inabadilika. Watu wa Luapula walikuwa nalo, na hawakuhitaji Kilatini.

Yaliyofuata, Wazungu walipofika, ni ya haraka. Tarehe 12 Mei 1894, huko Brussels, Uingereza na Dola Huru ya Kongo zilichora mstari kati ya mdomo wa Luapula na pale mto unapotoka ziwani, ukapindishwa kusini ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Mwingereza. (Ndiyo, Kilwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, upo mji wenye jina hilohilo.) Mwaka 1899 Waingereza wakauchoma mji wa Kazembe.

Baada ya hapo ziwa moja likawa na mahakama za mapokeo mawili. Wabelgiji walikuja na vitabu vya kanuni. Agizo la 1 Julai 1885 lilikuwa limeshaifanya kila ardhi «isiyo na mwenyewe» kuwa ya dola, na hakimu alitakiwa aanze na kifungu. Mwingereza alimwachia hakimu wake asikilize mila, mradi isipingane na haki, usawa wala dhamiri njema. Hapo ndipo watetezi wa mapokeo ya Kiingereza hujivuna, na kwa sehemu nakubaliana nao: mahakama iliyozoea kuuliza «hapo awali iliamuliwaje?» ingeweza kumwelewa Nachituti. Lakini dhamiri njema ilikuwa ya nani? Na mwishowe mtungi ulichukuliwa pande zote mbili. Sheria ya maji ya Zambia ya mwaka 2011 inasema maji yote ya asili yamo mikononi mwa Rais.

Tofauti ya kweli iliyobaki ni ya utaratibu. Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliukomboa mji wa Kilwa kutoka kwa kikundi kidogo cha waasi, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Kampuni ya madini ya Anvil ilikuwa imetoa magari na ndege. Huko Lubumbashi wahanga waliingia katika kesi ya jinai kama upande unaodai fidia, jambo lisilowezekana Nchelenge, ambako mhanga ni shahidi tu wa upande wa mashtaka. Haki hiyo nzuri haikuwafaa: Juni 2007 mahakama ya kijeshi iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji ya Kilwa. Mahakama za Quebec, ambako kampuni hiyo ilishtakiwa, nazo zikaifunga njia mwaka 2012. Uamuzi wa kuwalipa wahanga wanane na familia zao dola milioni 2.5 ulitangazwa mwaka 2017 na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Banjul.

Katika mirathi, mapokeo hayo mawili yamekutana. Kongo, kwa sheria ya familia ya 1987, iliwapa watoto robo tatu ya mali. Zambia, kwa sheria ya 1989, iliwapa watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, wategemezi 10. Mwana wa dada, yule ambaye kwa ajili yake Nkuba alipoteza kichwa, hana fungu lake kokote. Nchelenge anaweza kuingia kwenye ile 10 akithibitisha kwamba alikuwa mtegemezi wa marehemu. Wajane wa wavuvi wana sababu ya kuishukuru sheria hiyo, kwani kabla yake ndugu wa mume waliweza kubeba nyavu, mtumbwi na injini siku ya matanga. Ila waliotunga ile ya Zambia waliacha nje vitu vichache, vikiwemo ardhi inayomilikiwa kimila na mali ya cheo cha mtemi. Mtemi wa Kishila akifa leo, injini yake itagawanywa kwa asilimia. Kiti na jina vitamsubiri mtoto wa dada.