Plasmoni, au Mpembeo wa Elektroni

Mnamo mwaka 1857 Michael Faraday alionyesha huko London maji ya rangi ya yakuti ambayo hayakutiwa rangi yoyote, ila mlikuwamo chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Na hesabu ya kueleza wekundu ule ilikuja kuandikwa mwaka 1908 na Gustav Mie, Mjerumani. Sababu yake ni kwamba elektroni huru za dhahabu, zikipigwa na nuru, huenda zote pamoja upande mmoja wa chembe, zikavutwa nyuma na chaji ya atomi zilizoachwa, zikapitiliza hata upande wa pili, kisha zikarejea. Mwendo huo ndio plasmoni, jina alilolitia David Pines katika maandishi yake ya mwaka 1956.

Jina hilo sioni haja ya kulifukuza, kwani limekwisha kuvaa irabu zetu. Walakini peke yake halimfahamishi mwanafunzi kitu. Neno linalowahi ulimini ni mtetemo, nalo ni zuri, ila lina mwenyewe: atomi za chembe nazo hutetema, baada ya kupokea joto la elektroni, na mtetemo huo huhesabiwa kwa pikosekunde, ilhali elektroni hukamilisha kwenda na kurudi kwake kwa muda usiofika femtosekunde 2, na femtosekunde 1000 ndizo pikosekunde moja.

Kwa hiyo napendelea mpembeo. Mtoto aliye juu ya pembea siku ya Idi hupaa zaidi pale anayemsukuma anapouoanisha mkono wake na marejeo ya pembea. Kadhalika nuru ya kijani, yenye wimbi la nanomita 520 hivi, ndiyo inayooana na chembe hizi za dhahabu, ikamezwa, nasi tukabakiwa na wekundu. (Mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria aghalabu ni chembe hizo hizo.) Fedha huoana na nuru ya karibu nanomita 400, maji yake yakawa ya manjano.

Mpembeo haudumu: kwa kadiri ya femtosekunde 10 elektroni huwa zimekwisha kupotezana, kila moja ikashika njia yake. Yanayofuata huchunguzwa kwa mapigo mawili ya leza, la kwanza likiamsha na la pili likipeleleza, huku nafasi iliyo baina yao ikirefushwa kidogo kidogo, njia ambayo Ahmed Zewail, Mmisri, aliitumia katika kemia akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Humo huonekana joto likitoka kwa elektroni kwenda kwa atomi, na mtetemo ukianza wakati mpembeo umekwisha zamani; basi mwandishi aliyeyaita yote mawili mtetemo atakuwa na kazi ya kumweleza msomaji ni upi uliomzaa mwenziwe.