Vitu vya GDI

Vitu vya GDI ni zana za kuchorea ambazo mfumo endeshi wa Windows huzikopesha programu zinazotumia GDI, sehemu yake kongwe ya kuchora kwenye skrini: kalamu za mistari, brashi za kujazia rangi, fonti, picha, na uwanja wa kuchorea unaoviunganisha na dirisha. Programu haikamati kitu chenyewe; hupewa namba yake tu, na namba hizo zina ukomo.

Enzi za Windows 3.1 (1992) dhiki ilikuwa kubwa. Programu zote ziligombania eneo moja la GDI lenye kilobaiti 64, hivyo kompyuta yenye megabaiti kadhaa za RAM iliweza kulalamika kuwa imeishiwa. Katika matoleo ya sasa kila programu ina mgao wake, kwa kawaida vitu 10,000, na kikao kizima cha mtumiaji hakivuki 65,536. Mgao huo unaweza kuongezwa kwenye rejista ya mfumo, jambo ambalo kwa kawaida ni kuahirisha msiba.

Programu iliyoandikwa vizuri haifiki hata karibu na 10,000. Inayofika huko mara nyingi inavuja. Chukua dirisha linalojichora upya mara 10 kwa sekunde, na kila mara likaunda kalamu moja bila kuifuta: mgao utakwisha kabla ya dakika 17. Hapo programu si lazima ife papo hapo. Vitufe hupotea, menyu huwa nyeusi, maandishi hubadilika fonti, na mwenye kompyuta huanza kulaumu kioo. Sehemu inayoharibika huenda haina hatia yoyote. Mhalifu yuko kwingine katika msimbo, ndiyo maana hitilafu hii huwachosha watengenezaji.

Kanuni ni fupi: aliyeunda ndiye afute, kwa kitendakazi cha DeleteObject, na uwanja ulioazimwa kwa GetDC hurudishwa kwa ReleaseDC. Kalamu ambayo bado imechaguliwa katika uwanja haipaswi kufutwa mpaka ile ya awali irudishwe mahali pake. Lugha ya C#, inayojifagilia kumbukumbu yenyewe, haimwokoi mzembe: mfagiaji huangalia kumbukumbu, si mgao wa GDI, na anaweza kuchelewa. Kwa hiyo mwandishi huita Dispose mwenyewe.

Task Manager inaweza kuonyesha hesabu ya vitu hivi kwa kila programu. Fungua na kufunga dirisha lilelile mara 20. Hesabu ikipanda kila mara bila kushuka, programu hiyo inavuja.