Udongo Unapomlalia Mtu: Kutoka Lupa na TAZARA Hadi Mitaro ya Mtaani Kwetu (Sehemu ya 2)

Sehemu ya kwanza tuliongelea watoto na mashimo yasiyofunikwa. Leo ni zamu ya baba, kaka na wadogo zetu wanaoshuka mtaroni na sululu kutafuta hela ya siku.

Huku kwetu kuchimba hakujaanza leo. Miaka ya 1920 dhahabu ilivuta watu kwenda Lupa, Chunya, na miaka ya 1930 maelfu ya vibarua walikuwa wanachimba huko. Halafu ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba kupanda Makambako, ambayo enzi hizo ilikuwa Mkoa wa Iringa. Milima ilitobolewa, mabonde yakajazwa, mvua ikinyesha udongo unaporomoka. Wachina zaidi ya 60 walikufa wakati wa mradi ule kwa ajali na magonjwa, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia nao walipoteza maisha. Treni ikipita Mbeya, tukumbuke kuna watu walilipia njia ile.

Sasa niseme kama nesi: udongo unauaje? Watu wengi wanadhani mpaka ufunikwe kichwa. Hapana. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu, yaani sawa na gari dogo. Ukimfika kifuani, kila akitoa pumzi udongo unambana zaidi, na kuivuta nyingine anashindwa. Kichwa kiko nje, watu wanamwona, na bado anakufa ndani ya dakika chache.

Kuna kifo kingine cha kimyakimya. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, watu walitolewa chini ya vifusi wakiwa hai, wanaongea. Baadaye presha ikashuka, mkojo ukawa mweusi na kidogo, figo zikagoma. Daktari Eric Bywaters na mwenzake Beall waliandika habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo mwaka uleule. Wakaonyesha kwamba msuli uliobanwa muda mrefu unaharibika, na mtu akitolewa, sumu yake inaingia kwenye damu na kuziba figo. Potasiamu nayo inapanda, moyo unaweza kusimama ghafla.

Ndiyo maana nasema hivi, jamani: aliyefukuliwa asipelekwe nyumbani kupumzika, hata kama anacheka na kuomba chai. Apelekwe hospitali moja kwa moja, na daktari aambiwe alibanwa sehemu gani na kwa muda gani. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, hiyo ni dharura.

Na mtaro ukibomoka, msirukie ndani. Ukuta wa pili huwa unafuata, na waokoaji wanazikwa pamoja na mwenzao. Simamisheni kijiko na magari, watu wasogee mbali na ukingo, pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Kujikinga kwenyewe hakuhitaji maajabu. Shimo likipita kifua cha mtu, kuta zishikiliwe kwa mbao na mirunda, au zichimbwe kwa mteremko badala ya kusimama wima. Udongo uliotolewa urushwe mbali, karibu mita moja kutoka ukingoni. Ngazi iwepo. Mtu mmoja abaki juu muda wote. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtaro ukaguliwe kabla mtu hajashuka. Udongo wetu wa huku kiangazi unasimama kama ukuta wa nyumba, unadanganya. Ukishalowa ni kitu kingine kabisa.

Kwenye karatasi tumepiga hatua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa 2003, na OSHA ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015 kwa waajiri wa serikali na wa binafsi Tanzania Bara. Ila kijana wa deiwaka aliyeokotwa kijiweni asubuhi mara nyingi hata jina la aliyemchukua halijui. Akiumia, familia inaanzia wapi?

Kwa hiyo mama, kabla hajatoka asubuhi muulize maswali manne: saiti iko wapi? Bosi anaitwa nani, na namba yake? Shimo lina kina gani? Kuta zimeshikiliwa na nini? Yaandike hata nyuma ya daftari la mtoto. Akijibu "tumezoea", mwambie wa Lupa nao walikuwa wamezoea.

Na sisi tunaochimbisha shimo la choo nyumbani, siku hiyo bosi ni sisi. Mbao za kukodi zina bei, lakini haifiki bei ya msiba.

Sehemu ya 3 nitaongelea visima na hewa mbaya. Mtumie mwenye mume, kaka au mtoto anayeshika sululu.