Alexander Kipsang Muge

Alexander Kipsang Muge (aliyefariki 14 Agosti 1990) alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret katika Kanisa la Anglikana nchini Kenya, ambalo wakati huo liliitwa Kanisa la Jimbo la Kenya (CPK). Anakumbukwa kwa kuikemea serikali ya Rais Daniel arap Moi akiwa mimbarini, na kwa safari ya Busia aliyoifanya siku chache tu baada ya waziri kumwonya asikanyage huko. Alifariki akirudi, gari lake lilipogongana na lori huko Kipkaren, karibu na Turbo. Hiyo ni sehemu ileile ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa kilipo kijiji cha Sugoi, nyumbani kwa Rais William Ruto, magharibi mwa mji wa Eldoret.

Maisha na huduma

Muge alikuwa Mnandi, mojawapo ya jamii za Wakalenjin. Kabla ya kuingia katika huduma ya kanisa alikuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, kwa hiyo nguvu za dola alizijua kutoka ndani, akiwa amevaa sare yake. Dayosisi ya Eldoret ilipoanzishwa mwaka 1983, aliwekwa wakfu kuwa askofu wake. Ilikuwa dayosisi kubwa, iliyofika hadi nyanda kame za kaskazini magharibi. Aliyoyaona katika ziara zake huko aliyasema: alitangaza hadharani kwamba watu wa Pokot Magharibi walikuwa wanakufa kwa njaa, huku wanasiasa wakikana. Aliwakemea pia wanyakuzi wa ardhi na wala rushwa.

Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982. Waliothubutu kusema ndani ya Bunge walikuwa wachache mno, na mimbari ikabaki kuwa mahali pa nadra ambapo raia angeweza kusikia neno tofauti. Muge alisimama pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian.

Suala lililowaunganisha makasisi wengi ni mlolongo. Katika mchujo wa mwaka 1988 wa KANU, chama hicho kimoja kilichotawala, mpiga kura alisimama uwanjani, mchana kweupe, nyuma ya picha ya mgombea wake. Chifu alimwona, mwajiri alimwona, jirani alimwona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya kura alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kwa mchungaji palikuwa na ugumu wa pekee: akisimama nyuma ya picha moja, amewapa mgongo waumini waliosimama nyuma ya nyingine. Juu ya hayo, milolongo mifupi ilitangazwa kuwa ndiyo mirefu, na watu wakatakiwa kuukubali uongo walioushuhudia kwa macho yao.

Kishawishi cha "mtu wetu"

Mahubiri kuhusu majaribu kwa kawaida hutaja pombe, uzinzi na fedha. Maisha ya Muge yanaonyesha kishawishi kingine, kigumu zaidi kwa sababu huvaa vazi la uaminifu. Rais Moi alikuwa Mkalenjin, na askofu wa Eldoret alikuwa Mkalenjin. Moi alikuwa muumini wa Africa Inland Church, asiyekosa ibada ya Jumapili. Watu wengi wa Bonde la Ufa walimtazama kama mtu wao, na damu ni nzito kuliko maji. Askofu angenyamaza, hakuna ambaye angemshangaa. Wengi wangemsifu kwa busara na kwa kulinda nyumba. Alichagua kusema, akijua kwamba maneno ya askofu Mnandi yangemuuma Rais kuliko ya kasisi wa mbali, na kwamba wa kwanza kumnung'unikia wangekuwa jirani zake mwenyewe.

Agosti 1990

Mwaka 1990 ulikuwa wa hofu. Mwezi Februari aliuawa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, polisi walipambana na waandamanaji waliodai vyama vingi. Mwezi Agosti, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliwaonya hadharani Muge na Okullu kwamba wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai.

Jumanne tarehe 14 Agosti Muge alikwenda Busia, akakutana na waumini, akaomba nao. Akiwa njiani kurudi Eldoret, gari lake liligongana na lori la maziwa huko Kipkaren, akafa. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Miaka mingi baadaye, afisa wa zamani wa ujasusi aliiambia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo hicho kilipangwa.

Urithi

Desemba 1991, miezi 16 baada ya kifo chake, Bunge lilifuta kifungu 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, na vyama vingi vikarudi.

Kishawishi alichokishinda hakikuzikwa pamoja naye. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia makanisani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, likisema kanisa lisitumiwe kisiasa. Nyumbani kwa Rais huyo ni Sugoi.

Kwa hiyo mchungaji anayehudumu leo kati ya Sugoi na Turbo anaishi katika hali ambayo Muge aliijua vizuri: mtu wao ndiye Rais, na waumini wanajivunia hilo kwa haki. Kumpenda jirani na kumwombea ni wajibu wake. Mfano wa Muge unamtaka pia amwambie ukweli unapohitajika, hata kama jirani huyo ndiye mkuu wa nchi.