Ranavalona wa Pili: malkia wa Madagaska aliyepiga marufuku uchomaji wa misitu

Mwezi Machi 1881 serikali ya kifalme ya Madagaska ilitangaza mjini Antananarivo mkusanyiko wa sheria wenye vifungu 305. Pamoja na masharti juu ya mauaji, wizi, ndoa na shule, vilikuwamo vifungu vichache vilivyohusu miti. Sheria ilikataza kuchoma msitu ili kufungua mashamba mapya ya mpunga au mahindi, ikakataza kuchoma mkaa ndani ya msitu, na ikakataza pia kujenga nyumba humo bila idhini. Palipokwisha kufyekwa zamani paliruhusiwa kulimwa. Aliyethubutu kupanua shamba lake kwa moto alifungwa minyororo.

Sheria hizo zilitolewa kwa jina la Malkia Ranavalona wa Pili. Alizaliwa mwaka 1829 akaitwa Ramoma, na alitawazwa mwaka 1868 kumrithi Malkia Rasoherina. Februari 1869 alibatizwa pamoja na Waziri Mkuu Rainilaiarivony, ambaye pia alikuwa mumewe, na mwezi Septemba mwaka huo huo akaamuru hirizi kuu za kifalme zichomwe moto. Miaka michache tu nyuma, chini ya Ranavalona wa Kwanza, Wakristo wa kisiwa hicho walikuwa wakiuawa kwa ajili ya imani yao.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mkono ulioshika usukani wa dola ulikuwa wa Rainilaiarivony, mtu aliyeoa malkia watatu mfululizo. Hata hivyo tangazo la malkia ndilo lililokuwa na uzito mbele ya raia, na mageuzi ya enzi yake hayakuwa madogo. Ndoa ya wake wengi ilipigwa marufuku, na watoto wakatakiwa kuandikishwa shule. Katika mji mkuu, ambako desturi ilitaka nyumba za walio hai ziwe za mbao na mawe yaachiwe makaburi, nyumba za matofali zikaanza kuenea.

Wasikilizaji wetu wa pwani watapenda kujua tukio la Juni 1877. Malkia aliwaachia huru watumwa waliotoka bara la Afrika, wengi wao Wamakua wa Msumbiji waliovushwa bahari kwa majahazi na kuuzwa kisiwani. Wamalagasi waliwaita Masombika. Uhuru huo haukuwagusa watumwa Wamalagasi wenyewe. Hao walisubiri hadi 1896, Wafaransa walipokwisha kukitwaa kisiwa.

Turudi kwenye misitu. Kilimo kilichokatazwa huitwa tavy: mkulima hufyeka msitu wa mlimani, huuacha ukauke, huuchoma, kisha hupanda mpunga katika majivu yake. Baada ya mavuno machache ardhi huchoka, naye huhamia kwingine. Kwa watawala wa nyanda za juu, waliozoea mpunga wa mabondeni unaomwagiliwa maji, huo ulikuwa uharibifu. Kwa watu wa misitu ya mashariki, kama Wabetsimisaraka na Watanala, kilikuwa chakula cha nyumbani na amana ya mababu.

Kwa hiyo tusiharakishe kumwita malkia huyu mwanamazingira kwa maana ya leo. Msitu ulikuwa mali ya dola, na ulikuwa pia maficho ya watoro wa utumwa, wakwepaji wa kazi ya lazima na majambazi. Kumzuia mtu asijenge humo kulilinda miti, na papo hapo kulimweka mtu huyo mahali ambapo mtoza kodi angemfikia. Aidha, amri ya Antananarivo haikufika kila pembe ya kisiwa. Wafaransa nao walikuja kupiga marufuku tavy, na mpaka leo moto huo haujazimika.

Malkia hakupata muda wa kuona matunda ya sheria zake. Mei 1883 manowari za Ufaransa zilishambulia Mahajanga, bandari yenye jamaa nyingi za Kiislamu zenye asili ya Komoro na Uswahilini. Alifariki tarehe 13 Julai mwaka huo, vita vikiendelea, akazikwa Ambohimanga. Mwaka 1897 Wafaransa waliyahamishia mabaki yake Antananarivo. Kilima cha Ambohimanga, ambacho tangu 2001 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, bado kimevikwa msitu wa asili, katika eneo ambalo vilima vingi vinavyokizunguka vimebaki nyasi tupu.