Kwenda Unguja wakati wa masika: yajue haya kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam

Kila mwaka kati ya Machi na Mei, wasafiri kutoka mikoani hufika Dar es Salaam wakiwa na safari ya Unguja na swali moja: je, mvua hii boti zitaondoka? Mara nyingi zinaondoka. Mvua peke yake haizuii boti. Kinachozuia ni upepo na mawimbi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Masika huja pale ukanda mvua, unaolifuata jua, unapopita kwetu ukielekea kaskazini. Unaporudi kusini huleta vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Unguja hupata mvua nyingi kuliko Dar es Salaam, na Aprili ndio mwezi unaoongoza pande zote mbili. Lakini kipindi hicho ni cha maleleji pia: kaskazi inaisha, kusi haijashika. Siku nyingi bahari huwa tulivu ingawa juu kumefunga. Kusi ikishakomaa, Juni na Julai, jua linawaka na bahari inachafuka. Meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Haikuwa masika. Kwa hiyo anayeuliza tu kama mvua inanyesha hajauliza swali lenyewe.

Swali lenyewe linajibiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, na redio nyingi huusoma. Sikiliza neno linalotumika. "Angalizo", rangi ya njano, ndilo dogo. "Tahadhari" ni rangi ya chungwa. "Tahadhari kubwa" ni nyekundu. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, jua safari itakuwa ngumu hata kama boti itaondoka. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kabisa. Aliyekuja na nauli tupu, bila hela ya kulala, alikuwa na shida.

Lala upande wa bandari

Kikwazo kikubwa zaidi cha masika huenda kisiwe bahari. Ni Jangwani. Mabasi ya mikoani huishia kituo cha Magufuli, Mbezi, na njia ya kawaida kuelekea mjini ni Barabara ya Morogoro, inayovuka bonde la mto Msimbazi kati ya Magomeni na Fire. Mvua kubwa ikinyesha, mto hufurika, barabara hufungwa, na mwendokasi hausogei. Magari huzungushwa njia nyingine na foleni inakuwa ya saa nyingi. Boti ya saa moja asubuhi haikusubiri.

Ushauri wetu ni kuingia mjini siku moja kabla na kulala Kariakoo. Gesti za bei ya kawaida zipo, na Kariakoo iko upande mmoja na bandari: hakuna mto wa kuvuka tena. Kutoka hapo hadi gatini ni kama kilomita mbili. Ila usimwambie bodaboda "nipeleke feri", atakushusha kwenye pantoni la Kigamboni. Sema "boti za Zanzibar", karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Tiketi nunua dirishani au kwenye ofisi ya kampuni, si kwa kijana anayekufuata barabarani, na jina lilingane na kitambulisho chako. Uliza mapema: boti ikiahirishwa, tiketi inatumika kesho? Njiani ni takriban saa mbili. Ukiogopa kichefuchefu, kula kidogo na ukae chini, katikati ya boti. Jahazi la bandari bubu usilipande kwa sababu ya unafuu wa nauli, maana hapo hakuna orodha ya abiria, na jambo likitokea hakuna ajuaye wa kumtafuta.

Kama umenunua bidhaa Kariakoo, tunza risiti, funga mzigo kwa turubai, na usibebe mifuko ya plastiki ya kubebea. Bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar walitangulia.

Anayekwenda kutembea atapata vyumba kwa bei nafuu. Mji Mkongwe ukijaa maji, watu hupita juu ya baraza za nje ya nyumba, na wenyeji hawashangai. Anayekwenda kutafuta kazi ya hoteli, huu ndio msimu mbaya. Aprili na Mei wageni ni wachache, baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga, na wafanyakazi hupumzishwa. Hoteli huanza kuhitaji watu zaidi kuanzia Juni. Kama una ndugu huko, mpigie kwanza akuulizie, kisha ukifika mjulishe sheha wa mahali utakapokaa.